Tumbo la Mume wa Veneranda

Wivu wa mke kwa mke tumeuzoea. Wa bibi kwa bibi ndio mkali. Huo hauna zamu wala talaka, na hakuna mshenga wa kuusuluhisha.

Veneranda alikuwa mjane wa mtaa wa Mwanga, Kigoma, muuza mawese, mwanamke mwenye mdomo mwepesi na mkono mwepesi zaidi. Kibanda chake kilikuwa upande wa nyuma wa soko, mahali ambapo ardhi imekunywa mafuta miaka na miaka mpaka imekuwa nyeusi, na mgeni akipita anaangalia juu lazima ateleze. Mumewe Gervasi, mchonga mitumbwi, alikufa mwana wao wa pekee, Alphonce, akiwa bado kijana. Alphonce alipooa na kupata mtoto wa kiume, akampa jina la baba yake. Basi tangu siku ile, kwa desturi yetu, Veneranda alikuwa na mume tena.

"Mume wangu kaamka?" angeuliza mlangoni kwa mwanawe asubuhi. Mtoto akimkojolea: "Jamani, huyu mwanamume hana haya, mbele za watu!" Akililia chakula: "Hata yule wa kwanza alikuwa hivi hivi. Njaa ikimpanda, stara inashuka."

Alphonce alikuwa fundi wa mashine za boti kule Kibirizi. Mkewe, Joanitha, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Mwandiga, msichana wa Bukoba aliyeletwa Kigoma na barua ya serikali akabakizwa na mapenzi. Wote wawili walitoka alfajiri, wakamwacha mtoto kwa bibi yake sokoni. Hapo ndipo palipokuwa utamu wote wa maisha ya Veneranda. Gervasi wa miaka mitatu alikaa juu ya dumu lililogeuzwa, na wateja walipofika bibi alimwambia: "Hebu waonyeshe, tumbo la mume wangu liko wapi?" Mtoto alinyanyua fulana mpaka kidevuni, akalitokeza tumbo mbele kama mwenyekiti wa mtaa, na soko zima likacheka.

Sasa, utani wetu una tabu yake. Bibi mzaa baba ni mke, na bibi mzaa mama naye ni mke. Kwa hiyo huko Bukoba Veneranda alikuwa na mke mwenza, Adventina, mama yake Joanitha. Walionana mara moja tu, kwenye harusi. Adventina aliletewa migebuka ya kukaanga, akamgeuza samaki yule kwa vidole viwili, akauliza, "Hawa wameshakua, au mmewavua mapema?" Kwao wamezoea sangara mkubwa kama mlango. Veneranda alicheka na wageni, lakini neno lile alilifunga kwenye pindo la kanga na hajalifungua mpaka leo.

Mtoto alipozaliwa, Joanitha alitoa sharti, kwa upole lakini kama mwalimu anayeandika ubaoni.

"Mama, picha za mtoto tutapiga, lakini haziendi mtandaoni. Si kwenye status, si kwenye grupu, si popote. Mimi na Alphonce tumekubaliana. Akikua ataamua mwenyewe."

"Yaani picha ya mume wangu niombe kibali?"

"Ndiyo, mama. Kwetu sisi wazazi wake."

Veneranda akameza. Alimeza kama mtu aliyekwamwa na mwiba, taratibu na tonge kubwa juu yake. Kilichomtuliza ni kwamba katazo lilikuwa la wote. Njaa ya wote haina aibu.

Mpaka siku alipofungua simu pale kibandani, akaona status ya Adventina. Alikuwa amemwandika kwenye simu "Mke Mwenza Bukoba". Na nani alikuwa humo? Gervasi! Yuko ndani ya beseni, povu kichwani, anacheka. Chini yake maneno: *Mume wangu. Kakonda huko ugenini, lakini uzuri uko pale pale.*

Veneranda alisoma mara ya kwanza kwa macho, ya pili kwa midomo. Halafu akamwita Wema, jirani yake muuza dagaa.

"Wema, njoo unisomee hapa. Isije ikawa mimi ndiye nimepofuka."

Wema akasoma. "Kakonda," alisema, na kwa bahati mbaya akacheka.

"Cheka tu. Kakonda! Mtoto anayekula kwangu mchana kutwa! Na 'ugenini' ni wapi? Kaburi la babu yake liko hapa, jina alilobeba ni la hapa, ugeni anautoa wapi?" Akaipiga simu kwa ukucha. "Na hilo 'mume wangu'. Gervasi ni nani kwake? Alimpikia lini? Alimfulia lini? Mimi ndiye niliyemzika yule mwanamume!"

"Si umuulize mkamwana wako? Pengine huyo bibi kajiwekea mwenyewe tu, bila ruhusa."

"Nimuulize nini? Mtu amempa mama yake, mimi akaninyima, halafu niende kumuuliza? Ili anicheke vizuri?"

Hapo ndipo kosa lilipoanzia. Swali moja tu lingetosha. Lakini mwenye wivu hapendi kuuliza, maana anaogopa kujibiwa vizuri.

Siku hiyo Veneranda hakuuza kwa moyo. Alifunga kibanda mapema, akasonga ugali, akachemsha migebuka kwenye mawese mazito, akamlisha mtoto mpaka akaanza kuhema. Kisha akamwogesha, akampaka mafuta ya mise, yale meusi ya kokwa za mchikichi, mwili ukang'aa kama kinu kipya. Wema akaitwa kupiga picha.

"Tumbo la mume wangu liko wapi?"

Fulana ikapanda. Tumbo likatokea, duara, linametameta, kitovu kimechungulia nje. Wema akapiga.

Picha ikaenda kwenye status, ikaenda kwenye grupu la wafanyabiashara wa soko, ikaenda na Fesibuku ambako hata asiyemjua angeiona. Veneranda aliandika mwenyewe: *Mume wangu Gervasi wa Mwanga kashiba. Tumbo hili ni migebuka ya Kigoma na mawese ya Veneranda. Mwenye macho atazame, mwenye wivu ajinyonge.*

Kabla ya kuituma kwenye status, alimwomba Wema awafiche Alphonce na Joanitha wasiione. Kwa hiyo msije mkasema hakujua.

Adventina hakuchelewa. Alijibu pale pale Fesibuku, watu wakisoma: *Mke mwenza, nguo zimeisha Kigoma? Mume wangu akija huku anavaa suti.* Veneranda akajibu: *Suti haifungi tumboni, kashiba.* Adventina akatoa picha nyingine, mtoto amelala. Veneranda akatoa ya mtoto anacheza na madumu. Kila picha iliyotoka Bukoba ilimkata kama wembe, maana kila moja ilimaanisha Joanitha ametuma nyingine kwa mama yake. Usiku akilala aliiona simu ya yule mwanamke ikiwa imejaa mume wake, na yeye hana hata uwezo wa kumpekua mifuko.

Soko lilifurahi. "Mama Alphonce, leo umempiga!" walimwambia. Akatembea siku zile kidevu kikiwa juu, naye ndiye aliyesahau kuangalia chini.

Mtu aliyeangalia chini, akaokota, alikuwa Selestini. Huyu aliuza dawa za miti shamba kwa baiskeli yenye kipaza sauti, kutoka Mwandiga mpaka Kalinzi. Hakuwa mtu mbaya kwa sura. Aliiona ile picha ya tumbo kwenye grupu la soko, akaiona inamfaa. Akaichapisha kwenye karatasi kubwa, akabandika kwenye nguzo za umeme Mwandiga nzima. Juu kaandika: *MINYOO! KABLA YA DAWA.* Chini ni Gervasi, fulana kidevuni, tumbo linang'aa, anacheka.

Joanitha alipata habari akiwa darasani. Mtoto mmoja wa darasa la tatu alinyoosha kidole akauliza kwa huruma kabisa, "Mwalimu, wale minyoo wa mtoto wako wametoka?"

Mchana ule alifika kibandani na karatasi mkononi, gundi bado mbichi. Hakupiga kelele. Aliitandika juu ya ndoo ya mawese, akaipapasa ikae sawa.

"Shikamoo, mama. Hii picha imepigwa wapi?"

Veneranda aliyatambua madumu yake nyuma ya mtoto. Aliutambua hata mkono wake mwenyewe, pembeni.

"Mawe! Mama yangu we!" alisema. Kisha, badala ya pole, ukatoka ule uchungu uliokaa siku zote. "Na ile ya beseni ilipigwa wapi? Ya mama yako hujaiona? Yeye anaruhusiwa, mimi mswahili wa mawese nisiguse!"

Joanitha alimtazama kama hakusikia vizuri. "Beseni gani?"

Veneranda akamwonyesha. Joanitha alipitisha picha moja, ya pili, ya tatu.

"Hizi nilimtumia mama azione peke yake. Nilimwambia asiweke popote. Simu yangu haina hata Fesibuku, na status zake kumbe alinificha." Akamrudishia simu. "Ungeniuliza, mama. Neno moja tu."

Akambeba mtoto, akauchukua na mfuko wake wa nguo uliokuwa unaning'inia msumarini. Ule msumari ulipobaki mtupu, Veneranda alijua amenyang'anywa mume.

Kesho yake Gervasi alipelekwa shule ya awali ya masista. Veneranda alipita pale ukutani kwa kisingizio cha kutafuta mteja wa mawese, akaona sista kijana anamfuta makamasi. Alimwonea wivu yule sista, mtu wa Mungu asiye na kosa. Alimwonea wivu hata leso.

Alphonce na mkewe walipeleka shauri kwa afisa ustawi wa jamii, na wahusika wote wakaitwa. Kabla ya siku yenyewe, Selestini alisimamisha baiskeli mbele ya kibanda.

"Mama Alphonce, tusaidiane. Wewe sema tu mwanao alikubali uiweke ile picha. Baba wa mtoto akiwa ameruhusu, wewe si mkosaji, na mimi nimeokota kitu halali. Mwanao hawezi kukukana, ni damu yako. Mkewe wa Bukoba atafyata."

Atafyata. Neno hilo lilimwingia Veneranda kama sukari kwenye jino bovu. Linauma na ni tamu. Alimwona Joanitha amenyamaza mbele ya watu, Alphonce amesimama upande wa mama yake, na Adventina kule aliko anasikia. Hakumjibu Selestini, lakini hakumfukuza.

Afisa aliitwa Nathaniel, kijana mstaarabu aliyehamia kutoka Dodoma, ambaye bado alikuwa anashangaa kwamba Kigoma watu hutaniana mpaka ofisini. Alphonce alikaa katikati, mama kulia, mke kushoto na mtoto magotini.

"Tuanze na wewe, mama," alisema Nathaniel. "Wewe ni nani kwa mtoto?"

"Mke wake."

Alphonce alifunika uso. Selestini akacheka wazi. Nathaniel akaweka kalamu chini.

"Mama, nakuheshimu. Mimi ninataka uhusiano ninaoweza kuuandika."

"Bibi yake, basi. Mzaa baba. Na ndiye mlezi. Kutwa nzima analelewa na nani kama si mimi?"

"Kulea mchana ni jambo jema. Lakini wazazi wake wote wapo hai, anaishi nao. Kwenye jambo la kutangaza picha yake, wao ndio wa kumsemea. Iko Sheria ya Mtoto, na siku hizi ipo nyingine ya kulinda taarifa za watu. Sura ya mtoto ni mali yake mtoto, na kibali kinatoka kwa mzazi. Bibi hatoi, si wa baba wala wa mama." Akamgeukia Selestini. "Wewe ulimwomba nani?"

"Bibi mwenyewe kaandika 'mwenye macho atazame'. Mimi ninayo macho." Selestini akamtupia Veneranda jicho la pembeni. "Na nilivyosikia, baba wa mtoto alikuwa ameridhia. Muulizeni mama."

"Ni kweli, mama?" aliuliza Nathaniel. "Nani alikuruhusu?"

Veneranda akamtazama mwanawe. Alphonce alikuwa ameinamia viatu vyake, na mama yake alimjua. Alijua kwamba akisema "Alphonce alijua", kichwa kile kingeitika bila kunyanyuka. Tena alimwona Joanitha naye anamtazama mumewe, anangoja kuitika kuleule, uso umekaza kama mtu anayengoja sindano.

Selestini, kuongezea nguvu, akaitandaza ile karatasi mezani. "Picha yenyewe haina ubaya, tazameni, mtoto anacheka."

Gervasi aliiona. Aliikazia macho, akajitambua. Kisha akaishika fulana yake kwa mikono miwili, akaivuta chini, akaivuta mpaka ikafika magotini, akaishikilia hapo.

"Sina minyoo," alisema.

Joanitha alisema polepole, "Wenzake kule shuleni wanamfunua wachungulie."

Jamani! Mwanamume aliyekuwa ananyanyua fulana mbele ya soko zima!

"Hakuna aliyeniruhusu," alisema Veneranda. Ilitoka haraka na kwa hasira, kama mtu anayetema kitu cha moto. "Alphonce hakujua, nilimficha. Nilimficha na Joanitha. Nilikatazwa, nikasikia, nikaweka, kwa sababu ya kijicho changu na yule bibi wa Bukoba. Na wewe Selestini, usinilambishe asali ya kichwani kwako. Ungekuja kuniuliza ningekufukuza na mwiko, achilia mbali kumuuliza mzazi!"

Nathaniel hakuhitaji kusema mengi baada ya hapo. Alimwambia Selestini karatasi zote zitoke siku ileile, na isipokuwa hivyo shauri linatoka kwake linakwenda polisi. Selestini akaapa kuzitoa, akaanza kulalamikia gundi.

"Utazitoa wapi wewe," alisema Veneranda, "utaacha nusunusu za mume wangu kwenye nguzo." Akaenda mwenyewe Mwandiga, na kisu cha kupaa samaki na ndoo ya maji, akakwangua nguzo baada ya nguzo, jua la utosini. Waliompita wakamuuliza kama ameajiriwa na shirika la umeme. Akaendelea kukwangua. Nyumbani akafuta kila alichokiweka, na kwenye grupu la soko akaandika kwamba mwenye picha ile aifute, kwa kuwa yeye hakuwa na haki ya kuiweka. Vidole viliuma kuliko alipokuwa akikwangua.

Joanitha naye alimpigia simu mama yake. Alphonce ndiye aliyesimulia baadaye: Adventina alilia, akasema ananyimwa mjukuu, akasema yule muuza mawese ndiye aliyemchokoza. Kisha akafuta zote. Veneranda aliposikia hivyo, alijitahidi kuhuzunika kwa ajili ya mwenzake. Alijitahidi kweli. Akashindwa.

Jumatatu moja alfajiri, Joanitha alifika kibandani bila kutoa taarifa. Alimshusha mtoto, akautundika mfuko wa nguo kwenye msumari wake.

"Kule kwa masista halali mchana," alisema. "Simu, mama..."

"Simu iko ndani ya debe la mahindi, imefungwa na kitambaa. Nenda kafundishe."

Joanitha akatabasamu nusu, akaenda. Hiyo nusu ilitosha.

Gervasi alikaa juu ya dumu lake. Siku za kwanza, mteja akifika, aliishika fulana chini. Veneranda hakumuuliza habari za tumbo. Alimpikia tu. Mpaka mchana mmoja, soko limepoa, Wema amesinzia juu ya dagaa wake, mtoto akatazama kushoto, akatazama kulia, akanyanyua fulana kidogo. Kitovu tu.

"Bibi. Liko hapa."

"Nimeliona, mume wangu," alisema Veneranda. "Lifunike, wasije wakaniibia."

Wakati huohuo simu ikalia ndani ya debe. Akaifukua kwenye mahindi. *Mke Mwenza Bukoba.* Hawakuwa wamesemeshana tangu vita ile.

"Haloo, mke mwenza," ilisema sauti ya Adventina, haina tena ile suti. "Habari za huko? Nimesikia amerudi kwako."

"Yupo. Hapa mbele yangu."

"Anafanya nini?"

Veneranda akamtazama. Mafuta mdomoni, mwiba wa migebuka kashika kama sigara, anajipigapiga tumbo chini ya fulana kwa siri.

"Amekaa," alijibu.

"Amekaa tu? Nipigie picha moja, mke mwenzangu. Sitaiweka popote. Macho yananiuma."

"Omba kwa wazazi wake. Wakikubali, nitapiga."

Simuni Veneranda alisikia pumzi ya mwanamke aliye mbali na mume wake. Aliijua pumzi hiyo. Aliipumua mwenyewe ukutani kwa masista.

"Basi nisimulie," alisema Adventina. "Kakonda?"

"Hajakonda." Akasonya kidogo, akaongeza, "Amekula migebuka mitatu. Ile midogo unayoijua."

Adventina akacheka. "Na nini tena?"

Veneranda alimsimulia mwiba ulioshikwa kama sigara. Habari ya kitovu hakumpa.